Walinikemea Kama Pepo Nikiwa Naimba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi wenye sauti za kukwaruza.

Mimi Edsoni, wa hapahapa Njombe, darasa la nne niliishia njiani. Miaka ile soko huria lilipoingia, mitumba na redio zikajaa Makambako, nilikuwa kwenye mashine ya mbao. Msumeno ukiunguruma, usipopiga kelele kuushinda, mwenzako hasikii, gogo linampitia. Ndiyo shule yangu ya uimbaji.

Mgeni mmoja wa misheni akamwachia rafiki yangu Zakayo kanda ya vijana waliookoka huko kwao. Magitaa yanasaga, ngoma inakimbia kama mvua ya mawe kwenye bati, na mwimbaji haimbi, ananguruma! Nikasema, hii naiweza. Tukaunda bendi. Gitaa la Zakayo lilikuwa jekundu, sijui kwa nini nalikumbuka hilo. Tulipiga kijijini Mahongole, tukapiga Makambako mjini, hata wenye maduka Waislamu walitoka kutuchungulia wakicheka.

Sikukuu ya mavuno tukapiga kanisani kwetu. Nilinguruma zaburi, ndugu zangu, ile ya mtu anayelia toka shimoni! Mzee Obedi, mzee wa kanisa, akaruka, akanikamata kichwa.

"Toka! Jina lako nani?"

"Edsoni, mzee. Si unanijua?"

"Mnasikia? Pepo mwongo, anajiita Edsoni!"

Yeye na wazee wenzake walinikandamiza sakafuni mpaka sauti ikakatika. Niliponyamaza wakashangilia, eti nimefunguliwa! Bendi ikafa siku ile. Zakayo akaenda kuendesha malori. Mimi nikaufuata ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, na kanisani nikawa nachezesha midomo tu. Miaka!

Halafu binti pekee wa Mzee Obedi akafariki. Baridi ya makaburini kwetu mnaijua. Kwaya iliimba vizuri, vizuri mno. Mzee kasimama mkavu, mdomo wazi, hakitoki kitu. Akanishika mkono.

"Edsoni, mwanangu, nililie. Mimi haitoki."

Nilitaka kumjibu, si umwombe yule pepo! Nikaliangalia lile shimo. Nikanguruma zaburi ileile mpaka koo likawaka moto, na mzee akaanza kulia. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa! Ulanzi sijauonja tena.

Lakini mzee radhi hakuniomba mpaka anakufa. Bendi haikurudi. Uchungu bado ninao, sidanganyi madhabahuni. Ila namshukuru Mungu aliyenisikia mara zote mbili. Nawe uliyenyamazishwa, mwendee na sauti yako hiyohiyo. Yeye hatakuuliza jina lako nani.