Chuo cha Ndiyo

Wanakikundi, Mwenyekiti ameniomba niongee kwa upole. Nitajaribu, ingawa habari za chuo kile hazina upole.

Mnanijua. Mtu wa Masasi, nimeishi Tanga, Mombasa, Mwanza, kote nikiondoka kabla sijazoea maji. Dada yangu hapa Magomeni alinipa kochi la sebuleni, akasema, "Kaka, kwa umri huo, tulia." Badala ya kutulia nikajiunga na chuo kimoja Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la mabegi. Kirusi, Kipolandi, Kilithuania na Kialbania, vyote chumba kimoja. Cheka, mama uliyekaa mlangoni, cheka. Hata siku zile ulicheka. Lakini redio ya marehemu baba ilikuwa ikikamata sauti za huko, nami utotoni nililala nazo. Nilizikumbuka kama wenzangu wanavyokumbuka kwao.

Ndugu zangu, nawaambieni, Mkuu wa chuo alikuwa debe tupu lililovaa tai. Kwake lugha zote zile ni ndugu, "kama Kimakonde na Kimwera." Kialbania wala si jamaa ya karibu ya Kirusi! Anasoma sentensi kwenye fotokopi, tunafuatisha kama kasuku, halafu anauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Siku ya Kialbania tunaitikia "Po!", ndiyo ya kwao. Ukurasa wa "sielewi" aliuruka. "Msijifundishe kushindwa," akasema. Mjinga yule. Na sisi, wajinga kuliko yeye, tukapiga makofi.

Dada akachoka. "Mwezi ukiisha huna kazi, nataka kochi langu."

Basi akaja mgeni chuoni, mama wa Kialbania mwenye nyumba ya wageni Kigamboni. Alitaka mtu mmoja wa kuwatembeza mjini wageni wa kwao. Mkuu akatupanga kama chupa za soda.

Mama akatuuliza kitu kwa lugha yake, taratibu. "Po!" Akauliza kingine. "Po!" Mkuu anatabasamu. Mimi nikamwangalia yule mama usoni, nikaona anatuhurumia. Kazi inaondoka na kochi linaondoka, huku mimi naitikia! Alipouliza la tatu nikatoka mstarini peke yangu.

"Nuk kuptoj." Sielewi. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma nyumbani, kwa ubishi tu.

"Nyamaza, unatuaibisha!" Mkuu akafoka.

"Mwache," mama akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Nimewauliza kama asubuhi mmekula viatu, mmekubali. Nikawauliza kama Mkuu wenu ni mbuzi, mmekubali."

Hilo la pili, jamani, tulipatia.

Akanichukua mimi. Nilianza kwa kumbebea kikapu kwenye soko la samaki la Feri. Namtajia samaki kwa Kiswahili, ananitajia kwa Kialbania, nikikosea ananisahihisha mbele ya wakaanga samaki wote. Leo wageni wake nawatembeza mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani sina hamu ya kuhama. Mkuu bado yupo ghorofani, bado anaitikiwa.

Namshukuru mama yule. Namshukuru dada, kochi lake nimemrudishia kwa hiari. Hata nyie mlioniita Mrusi wa Magomeni nawashukuru, maana mlicheka, lakini nauli ya kivuko mlinichangia.

Ninachowaachia ni hiki: anayekutisha usiseme "sielewi" hana cha kukufundisha. Mmenielewa?

Ahaa! "Ndiyooo!" Haya, mzee wangu hapo mbele uliyeitikia kwa nguvu, simama utueleze nimesema nini.