Juma la Wagonjwa Kumi na Wawili

Mwaka ule wa homa kubwa, 1957, kamio ya Baraka, lori la abiria, ilikuwa ikipanda Fizi, na Georgette, aliyekuwa akimpeleka mwanawe mchanga kwa nyanya yake huko Fizi, alikaa katikati ya watu wawili wasiojuana, wakirushiana maneno juu ya kichwa chake.

“Homa inakwisha, mama,” alisema Bonaventure, karani wa hospitali ya Fizi. “Juma ile tuliandika bagonjwa makumi ine. Juma hii, kumi na babili tu.” Alitamba kama aliyeifukuza homa yeye mwenyewe.

Latifa, muuza samaki anayekaa Fizi, alicheka. “Karani, kwenu mugonjwa anapikiwa na nani?”

“Na ndugu yake. Kila mugonjwa anakuya na mupishi wake.”

“Basi, kwetu bapishi pia balishalala na homa. Nani atabeba mugonjwa, nani atapika? Bote banabakia ku nyumba. Baba, we unahesabu bapishi benye bado bazima, hapana bagonjwa.”

“Kitabu haidanganye.”

“Kitabu yako iko muzima kabisa. Hata haikohoe.”

Georgette alitamani kuwauliza kama ashuke na mtoto au arudi naye, lakini haya ilimzuia.

Kamio ikasimama Fizi. Wale wawili walishuka wakiendelea kubishana. Georgette alibaki ameketi.

“Baba shofeli,” alimwuliza dereva kwa sauti ndogo, “unarudi Baraka saa ngapi?”