Historia ya Kaka Yetu Popo, Jua Lake na Moyo Wake

Ndugu waombolezaji, naomba utulivu, na wanaonong'ona wanyamaze kwanza, maana mimi dada yake mkubwa ndiye niliyepewa kazi hii, na nitaisoma yote.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Popo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1959, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1977, kisha akaajiriwa studio ya picha, na huko akazeekea ndani ya chumba cha giza akisafisha picha, akiingia alfajiri na kutoka jioni, hata jina la Popo likamganda, naye akalipenda, akisema heri popo mchapakazi kuliko jogoo mpiga kelele.

Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986 na wifi yangu, mshonaji, wakajaliwa binti mwalimu na kijana fundi umeme.

Tarehe 3 Februari mwaka jana alibanwa kifua kwenye ngazi za studio, tukampeleka hospitali mimi na mkewe, na daktari wa moyo akatueleza kwamba vitamini D mwilini mwake iko chini sana, na kwamba mishipa mitatu ya moyo imeziba vibaya, akasema hali hizo mara nyingi huonekana pamoja, lakini kupandisha vitamini hakuzibui mshipa, hivyo apasuliwe upesi. Kaka akachukua lile jepesi, akautangazia mtaa kuwa dawa yake ni jua, akawa anakaa uani kila asubuhi mgongo wazi, na vipimo vya Septemba vilipoonyesha vitamini imepanda, alitucheka, akasema Popo sasa ni mjusi. Mishipa ilikuwa vilevile.

Nimesikia jikoni na getini kwamba mkewe ndiye aliyemwanika juani kama nguo na kumnyima hospitali, nami nasema mbele ya jeneza hili kuwa ni uongo, kwani mwanamke huyu alimpigia magoti mbele ya macho yangu akubali kupasuliwa, na kaka, aliyeogopa kisu tangu utotoni, akakataa. Nilimpenda sana, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Juzi asubuhi moyo wake ulisimama palepale uani, mikononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotoa gari, na wenzake wa studio waliofunga kazi kuja kumzika. Nanyi wadogo zangu mliojaza viti vya mbele mkamwacha mjane mstari wa mwisho, inukeni sasa hivi, wifi yangu aje akae karibu na mumewe, na hakuna atakayegusa jeneza kabla hajaketi.

Pumzika kwa amani, kaka, mkeo anakuja.