Mikono Mikavu ya Isogai Tokuji

Ndugu wa ukoo wa Isogai, majirani zetu wa hapa Kumamoto, mtawa uliyetuongoza katika sala, na ninyi wenzake wa chama cha wakusanyaji wa vikingio vya panga za kale, mimi Mikiyo, mtoto wake wa pekee, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya baba yangu, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho hata mkikasirika, maana najua tangu juzi mnabishana jikoni mifupa yake, akishachomwa, ikazikwe wapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 katika kijiji cha milimani huko Niigata, mtoto wa tatu wa mzee Minowa na mkewe Kinu, mahali ambapo theluji huziba milango na watu hutokea dirisha la ghorofani, akasoma hukohuko hadi Machi 1961, na alipopata leseni mwaka 1965 akaajiriwa kuendesha mtambo wa kusukuma theluji barabarani, kazi aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu akishapita yeye ndipo watu walipoweza kutoka majumbani mwao.

Mwaka 1970 alikuja Kumamoto kuendesha lori kwa msimu mmoja tu, akaleta mzigo nyumbani kwa babu yangu, Isogai Eisaku, ambaye hakuna hapa asiyemjua, mwenye vikingio zaidi ya mia mbili vya mafundi wa Higo, kama Kumamoto ilivyoitwa zamani, visahani vya chuma cheusi vinavyokinga mkono penye mpini wa upanga, vingine vimetobolewa umbo la korongo wawili wanaozungukana, vingine vimetiwa nyuzi za dhahabu mithili ya matawi, naye alikuwa na binti mmoja na hakuwa na mtoto wa kiume. Babu akampa baba kikingio akishike wakati wote wa kunywa chai, akakirudisha kabatini bila kukifuta, na baada ya siku kadhaa alipokitazama hakikuwa na hata doa la kutu, akapiga kelele nyumba nzima ikasikia: "Mikono haitoki jasho! Huyu kijana haendi popote!" Mnacheka, chekeni tu, lakini ndivyo mama yangu Fusae alivyopatiwa mume.

Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1971, baba akaacha jina la Minowa na kuchukua la Isogai, na mwaka huohuo babu akalichonga jina lake kwenye kaburi la ukoo, likatiwa rangi nyekundu ya mtu aliye hai, likawa linamsubiri. Nilizaliwa tarehe 20 Aprili 1974, na nilipofika miaka saba nikapimwa na mimi, chuma kikashika kutu yenye alama ya kidole changu, nikafukuzwa chumbani, na jasho langu nalishukuru mpaka leo.

Kazi ya baba ilikuwa kuvisugua vikingio kwa kitambaa cha pamba kila siku, kwani chuma kile hakipakwi rangi wala hakisafishwi kwa dawa, weusi wake unatunzwa na mkono wa mtu, na katika mvua za Juni unyevu wetu mnaujua, hivyo hakuruhusiwa kulala nje ya nyumba hata siku moja. Bibi Kinu alifariki tarehe 22 Juni 1983. Babu akamwambia, "Tokuji, mama yako ameshakufa, hatakufa tena. Ukiondoka, kitakachokufa ni chuma." Baba akajibu, "Ndiyo, baba," akarudi chumbani, nami nikamwona kwenye upenyo wa mlango akisugua kikingio kilekile kutwa nzima, uso kaugeuzia pembeni ili machozi yasikidondokee. Jamani, niliumia, na bado naumia.

Babu alipofariki tarehe 5 Oktoba 1989 tulidhani sasa basi, baba kaachiwa. Kila mwaka alisema, "Mvua zikiisha, twende kwetu," mvua zikaisha, yakaja maonyesho ya chama, wakaja wageni kutoka Tokyo, na kwa kuwa alifikia hatua ya kufumba macho, akapapasa ukingo na kukutajia fundi, ninyi wa chama mkampa uenyekiti, mkazidi kumfunga kwa sifa. Mama alimwuliza kama anavipenda. "Navijua tu, mama Mikiyo," akasema. "Kama navipenda, sijawahi kuulizwa."

Mei 2020 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na homa zilipozidi nilimpelekea hospitalini kile cha korongo nikidhani nitamfariji, akaficha mikono chini ya blanketi. "Kitoe hicho! Viganja vimeloa!" Kisha akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Mikiyo, nimefukuzwa kazi! Nipelekeni kwetu, kwenye theluji, kwa mama." Alifariki tarehe 11 Juni 2021, mvua ikinyesha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliotupikia wali na mboga tangu siku ya kwanza, na wenzake wa chama waliokesha nasi.

Ndugu zangu wa Isogai, mila naijua, anayechukua jina letu huzikwa nasi. Lakini mama, huyo aliyeketi mbele yenu, ndiye aliyeniamuru niyasome haya hadharani ili asitokee wa kuyapindua, na maneno yake ni haya: "Mimi nitazikwa hapa na baba yangu. Mwenzangu mwacheni aende." Tarehe 30 Julai nitampeleka Niigata, kwenye kaburi la bibi Kinu. Najua Julai hakuna theluji. Itamkuta hukohuko.

Nenda kwenu, baba. Upumzike kwa amani.