Nani Alipasua Ngoma ya Mama Salimu

Bisha. Bisha sasa hivi kabla sijaanza, maana nikishaanza utakosa pa kuingilia. Nakwambia Jumamosi iliyopita mimi, Sele Turbo, niliyeacha shule darasa la sita nikamwachia mwalimu daftari pamoja na hesabu zake, nilichezesha ukumbi mzima wa kituo cha utamaduni pale Bagara, mjini Babati, kwa dumu la maji la lita ishirini. Tupu. Halina hata kifuniko. Wanakwaya walicheza, Wabarbaig waliruka, kinamama wa Kirangi walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaacha geti wazi akaingia ndani. Kama huamini, njoo kijiweni uulize. Ila uje na subira, kwetu hakuna anayekubali kitu mara ya kwanza.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao na mawe matatu mbele ya duka la khanga la Hamdani, hapo barabara ya Dodoma inapoanza kuelekea Bonga. Bodaboda tunapaki upande wa kivuli. Luqmani anakaa katikati na jiko lake la mkaa, birika la kahawa ya tangawizi na sahani ya kashata. Hamdani tunamwita Waziri, kwa sababu ukimuuliza saa ngapi anakujibu kwa hotuba. Theodori, mkulima wa mahindi na maharage, tunamwita Utabiri: akisema mvua inakuja, wewe anika nguo. Jumatatu saa tisa tulikuwa sisi wanne wa kila siku, na mzuka wa Jumamosi ulikuwa haujatutoka.

— Saa kumi wanamfukuza Ludovick, — Luqmani akasema huku anamimina. — Kamati inakaa leo. Yeye na spika zake, nje ya geti, moja kwa moja. Wanasema besi yake ndiyo iliyopasua ngoma ya Mama Salimu.

Ludovick ndiye fundi wetu wa muziki. Bila spika zake vijana wa mjini hatuna singeli pale kituoni, tunabaki kukodolea macho kwaya. Na Mama Salimu ndiye kiongozi wa kinamama wa Kirangi. Ngoma yao kubwa, ya ngozi ya ng'ombe, Jumamosi ilipigwa pigo moja tu ikachanika katikati mbele ya watu wote.

— Na nisingekuwepo mimi, onyesho lingeishia pale, — nikasema.

— Ameanza, — akasema Waziri.

— Sijaanza. Nawakumbusha.

— Turbo, kukumbusha kwako kunanenepa. Jana hilo dumu lilikuwa la lita kumi.

— Ishirini!

— Kesho litakuwa simtanki.

— Waziri, una wivu. Sema tu.

— Wivu wa dumu? Tupange mambo kwa utaratibu. Ndugu wajumbe, onyesho lilifunguliwa na vijana wetu wa madrasa. Kanzu nyeupe, dufu mkononi, hatua moja, bega moja. Kaswida ile! Nani alithubutu kukohoa?

— Ikafuata kwaya, — akadaka Utabiri, ambaye anaimba sauti ya nne na hachoki kutuambia. — Tulitikisa mabati.

— Sauti ya nne mlikuwa wawili, — nikamwambia, — na mwenzako alikuwa na mafua.

— Ndiyo maana nasema nilitikisa. Peke yangu.

— Halafu Wabarbaig, — Luqmani akaweka birika chini kabisa, kitu ambacho hafanyi hata msiba ukipita. — Jamani wale vijana! Mtu amesimama wima kama nguzo ya umeme. Hakunji goti, hakimbii, hajiandai. Ukija kushtuka, kandambili yake iko usawa wa macho yako! Na wale wasichana wanavyowaimbia, nilisikia damu inapanda.

— Niliruka nao, — nikasema.

— Uliruka nje ya mstari ukamkanyaga mwenyekiti wa kamati, — akasema Waziri.

— Nilitua. Mtu akienda juu sana hachagui pa kutua.

Wakacheka mpaka Utabiri akamwaga kahawa kwenye suruali yake ya Jumatatu. Mimi nikaendelea, sikuwapa nafasi. Nikawakumbusha Ludovick alivyoingia na singeli, spika mbili nyeusi kila moja saizi ya kabati la mama mkwe, na sisi vijana wa bodaboda tukashuka uwanjani kama tunakimbizwa na nyuki. Mabinti wa kwaya wakasahau kwamba wamevaa majoho. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kigorowa amekuja kumsindikiza mjukuu wake, na fimbo yake, akaanza kukanyaga mdundo taratibu. Nakwambia hakuna mtu aliyebaki kwenye kiti.

— Ndipo wakaitwa kinamama wa Kirangi, — akasema Waziri, sasa kwa sauti ya chini. — Mama Salimu mbele. Khanga za duka langu hizo, naomba ijulikane.

— Imejulikana.

— Akainua kirungu cha kupigia. Watu kimya. Akashusha. Pwaa!

— Ngozi ikafunguka kama mdomo, — akasema Luqmani.

— Na pale mimi, — nikasema, nikasimama kabisa juu ya benchi, — nikatokea mlango wa nyuma na dumu! Sikuuliza mtu. Nikalipindua, nikalipiga! Dum-taka-dum! Kinamama wakageuka. Mama Salimu akaanza kuimba. Vijana wa madrasa wakaniitikia na dufu, Ludovick akazima spika akaja kupiga makofi kwa mikono yake, Utabiri akatoa hiyo sauti yake ya nne...

— Hiyo ni kweli, — akasema Utabiri.

— ...Wabarbaig wakarudi kuruka katikati ya Warangi! Mmewahi kuona? Kaswida, kwaya, Kirangi, Kibarbaig, pikipiki zinapiga honi nje, kitu kimoja! Nusu saa nzima! Mikono yangu ilichubuka, angalieni!

Wakaangalia. Hapo hakuna aliyebisha, kwa sababu wote walikuwepo na wote walicheza. Waziri mwenyewe alicheza, mtu mwenye goti bovu.

— Sawa, — akasema Waziri. — Dumu tumekupa. Ila hujajibu swali la msingi. Ngoma ilipasuka kwa nini?

— Besi, — akasema Luqmani. — Mimi nilikuwa nauza kahawa kwenye baraza ya ukumbi. Singeli ilipoanza, vikombe vyangu vilitembea kwenye sinia. Kimoja kilifika kwa mteja kabla sijakipeleka. Ngozi itastahimili?

— Besi inaweza, — nikasema, nikakaa chini.

— Si besi, — akasema Utabiri. — Ni upepo wa ziwani. Ile ngoma haipigwi ikiwa baridi, ngozi hulegea ikatoa sauti ya godoro. Ndiyo maana kabla ya kucheza wanaipasha kwa moto wa mabua ya mahindi, nyuma ya ukumbi, inageuzwageuzwa mpaka ukiigonga kwa kidole inaitika. Sasa imetoka kwenye moto, imekutana na upepo wa Ziwa Babati. Moto, baridi, moto, baridi. Ikachanganyikiwa.

— Wewe ukisema upepo, najua kulikuwa shwari, — akasema Waziri. — Ndugu zangu, tatizo ni viboko.

— Viboko wa ziwani?

— Wa ziwani. Kiboko anaongea kwa besi. Ludovick kapiga besi hapa, kiboko kule kadhani anatukanwa, kajibu. Sauti mbili zimekutana wapi? Katikati. Na katikati kulikuwa na nini? Ngoma ya Mama Salimu.

— Acha kamba, Waziri!

— Nani alimhoji kiboko akakanusha?

— Ninyi hamuelewi mifugo, — akasema Utabiri, ameshapandwa na mori. — Ile ngozi ni ya ng'ombe wa mnadani, ametoka upande wa Hanang'. Amekaa kimya kwenye hiyo ngoma miaka kumi na tano. Jumamosi anasikia sauti za wachungaji wake wa zamani zinaimba ukumbini, wanaruka, wanapiga mbinja. Wewe ungekuwa yeye ungetulia? Alitaka kusimama! Aliposhindwa kusimama, akapasuka.

Luqmani alicheka mpaka akashika jiko la moto. Mimi pia nilicheka, tena kuliko wote, na nilikuwa bado nacheka nilipomwona Ludovick anakuja kwa miguu.

Alikuwa amevaa shati jeupe la pasi. Ludovick hana kawaida ya pasi. Muda wote utamkuta na fulana yenye matundu, waya umemzunguka shingoni. Mkononi alibeba mfuko wenye funguo za stoo ya kituo.

— Mambo, wanangu.

— Poa, Ludo. Njoo unywe kahawa.

— Hapana, nitachelewa. Naenda kurudisha funguo. — Akatuangalia mmoja mmoja. — Tangu Jumamosi nafikiria. Labda kweli nilizidisha. Spika ya kushoto niliifungua mpaka mwisho. Ile ngoma kaitengeneza marehemu mume wake Mama Salimu, mnajua? Nimeshindwa hata kwenda kumpa pole. Nitamwangaliaje?

Hakuna aliyesema kiboko. Hakuna aliyesema upepo.

— Turbo, — akaniambia, — wewe ulikuwa karibu na kinamama siku ile. Njoo basi kikaoni, useme tu kwamba mimi si mtu mbaya. Hata wakinifukuza.

— Nakuja, — nikasema. — Tangulia.

Akatangulia. Shati lake lilikuwa na mkunjo mmoja mgongoni ambao pasi haikuufikia.

Kando yetu, kwenye lile jiwe la tatu, alikuwa amekaa dada mmoja anasubiri bajaji. Mgeni. Alikuwa ametuambia anaitwa Scola, mwalimu, kahamishiwa huku wiki iliyopita kutoka Singida. Muda wote alikuwa anakula kashata bila kuchangia, adabu ya mgeni. Sasa akajifuta vidole.

— Samahanini kaka zangu. Mimi sikuwepo hiyo Jumamosi. Nauliza tu.

— Uliza, mwalimu, — akasema Waziri, akajiweka tayari kwa hotuba.

— Pale kwenye moto wa mabua, nani alikuwa anaipasha hiyo ngoma?

Waziri akamwangalia Utabiri, Utabiri akamwangalia Luqmani, Luqmani akaangalia ndani ya birika kana kwamba jibu limezama na tangawizi.

— Si kinamama wenyewe? — akasema Utabiri.

— Kinamama walikuwa wanavaa, — akasema Waziri polepole. — Mke wangu alikuwa anawafunga khanga. Walisema wameiacha kwa mtu.

— Mtu gani? — akauliza mwalimu.

Bajaji ikaja, ikapiga honi. Scola hakuinuka. Nadhani ni tabia ya walimu, akishauliza anasubiri. Nilimkimbia mmoja wao darasa la sita, nikaja kukutana na mwingine kijiweni.

— Mimi, — nikasema.

— Wewe nini?

— Mimi ndiye niliyeachiwa. Singeli ilipokuwa katikati nilitoka nje kupunga hewa, Mama Salimu akanikuta nyuma ya ukumbi akaniambia, "Sele mwanangu, igeuze, isikae sehemu moja, macho yako yasitoke hapa." Nikamwambia, "Mama, mimi ndiyo fundi." Niliigeuza mara tatu. Halafu Natalia na wenzake wa kwaya wakapita kwenda kunywa maji. Nikaegemeza simu kwenye tofali, nikaanza kujirekodi nacheza singeli. Walikuwa wananicheka, nikaongeza. Nikaja kusikia harufu. Upande mmoja wa ngozi ulikuwa umekauka na kuwa wa kahawia kama mkate. Nikaufuta kwa shati, nikaigeuza ili upande huo ukae mbali na watu. Nikawapelekea.

— Turbo, — akasema Luqmani.

— Subiri, haijaisha. Ilipopasuka, mtu pembeni yangu kauliza kulikoni. Mimi ndiye wa kwanza kusema besi. Kabla ya kamati, kabla yenu. Nililisema mara moja tu, likatembea lenyewe.

Waziri, mtu wa hotuba, alinyanyuka akaniwekea helmeti mkononi, basi. Nikawasha pikipiki. Nilimkuta Ludovick amefika karibu na soko, nikamwambia panda. Nilimwambia yote nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu usoni nisingeweza. Nilihisi tu mkono wake umeachia bega langu, akaenda kushika chuma cha nyuma, hivyo mpaka getini.

Kikaoni nilisema tena, nimesimama, mbele ya mwenyekiti niliyemkanyaga. Ludovick alibaki na funguo zake. Mimi wamenipa kazi ya kutafuta ngozi na kuiwamba chini ya macho ya Mama Salimu, na kwenye jukwaa nisionekane mpaka ngoma mpya ilie.

Sasa nisikilize wewe niliyekuambia ubishe. Kuna kipande sijawaambia hata kijiweni, na kikaoni pia nilikimeza.

Sikutokea mlango wa nyuma na dumu kwa akili yangu. Ngozi ilipopasuka, nilipokwisha kusema besi, nilikimbilia nje kujificha, na Mama Salimu akanifuata. Akaangalia moto, akaangalia simu yangu bado imesimama kwenye tofali, akaangalia masizi kwenye shati langu. Hakupaza sauti, na mpaka leo hajanisemea kwa mtu; aliniachia nijiseme mwenyewe. Akachukua lile dumu tulilokuwa tumeliweka la kuzimia moto, akamwaga maji yote chini, akanikabidhi.

— Ngoma ya mume wangu umeinyamazisha, — akasema. — Ingia upige wewe. Usiache mpaka nikuambie.

Ndiyo ile nusu saa. Ndiyo hiyo mikono iliyochubuka. Watu wanashangilia, wananiita Turbo, Turbo, na mimi nilikuwa namwangalia yeye tu, namwomba kwa macho aseme basi. Alikuwa anacheza, anaimba, machozi yanamtoka, na kila akinikaribia ananiambia chinichini:

— Bado.