Papa Mathe na Duara Lililokatwa Pande Mbili

Tafadhali, wewe uliyepewa karatasi hii, ifiche. Isome ukiwa peke yako, na usitoe neno lake hata moja, hasa mbele ya watu wawili: Papa Mathe Zacharie, tunayemuaga, na Bwana Directeur Ananie, aliyeniagiza kuandika. Programu watakayopewa wao Jumamosi ni fupi na ina picha ya maua. Hii ni ya ninyi wengine wote wa koperative yetu ya kahawa, wa Butembo na wa Beni. Mimi bado niko katika miezi ya majaribio, kwa hiyo nawaomba sana.

Papa Mathe ametumikia koperative miaka thelathini na mmoja, na atastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alikuja kutoka Kayna, kijana mwenye kamera moja na koti moja, akaajiriwa kupiga picha za kadi za wanachama. Amezunguka mashamba yote tunayonunua kahawa, na hakuna mlima aliouogopa. Huko Masereka mzee mmoja alikataa kuvua kofia ili apigwe picha. Papa Mathe hakubishana. Aliazima kofia, akaivaa, akaketi mbele yake, wakatazamana hadi mzee akaangua kicheko na kuivua yake mwenyewe. Kadi ile iko kabatini mpaka leo, na katika kabati zima ndiyo pekee yenye meno.

Lakini sote tunamjua kwa jicho la samaki. Wageni kazini kama mimi tulielezwa hivi: ni lenzi nene, imevimba kama jicho la chura, na inaona karibu kila kitu kilicho mbele yake, juu, chini na pembeni, kisha inakikunja chote ndani ya duara moja. Aliinunua kwa padri mzee aliyekuwa akipiga picha za mawingu. Siku moja Bwana Directeur alitaka apigwe nayo kwa karibu, akatoka na pua kama tunda la avoka. Hili nalo lifiche.

Zamani, siku ya kufunga ghala mwisho wa msimu, picha ya wafanyakazi ilikuwa vita. Viti vya mbele vilikuwa vichache. Watu wa Butembo walisema ofisi kuu iko kwao, watu wa Beni walisema kahawa bora inatoka kwao, na mwaka mmoja watu wa Beni walipanda lori wakarudi kabla ya picha. Mwaka uliofuata Papa Mathe alileta lenzi ya padri. Aliilaza kamera katikati ya uwanja wa kuanikia, juu ya beseni lililofunikwa, ikitazama mbinguni, akawapanga watu wote kuizunguka. Hakukuwa na mbele wala nyuma. Watu wa Beni walisimama upande wa geti, karibu na lori lao. Wa Butembo walijaza upande wa ghala na upande wa ofisi. Upande wa jikoni aliuacha wazi ili apate njia: alibonyeza kitufe, akakimbia, akasimama pale peke yake huku akihema. Picha ikatoka duara kamili, weusi ukiizunguka, na ndani yake koperative nzima. Tangu hapo hakuna aliyegombania kiti.

Filimu za picha hizo zilisafishwa Kampala, zikirudi na wafanyabiashara. Walipochoka kuzibeba, Bwana Directeur alinunua kamera ya numérique, isiyotumia filimu. Lenzi ya padri ilikubali kufungwa juu yake, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya.

Picha ya kwanza ya kamera mpya haikuwa duara. Ilikuwa kama chapati iliyokatwa pande mbili, juu na chini, weusi umebaki kwenye kona tu. Wa ghala na wa ofisi walionekana karibu mpaka viatu. Wa Beni walionekana vilemba tu. Mama Florentine, anayesimamia wachambuzi wa kahawa kule Beni, aliishika picha akaigeuza mara mbili.

“Eeh, Papa Mathe! Siye ba Beni tuko bitambaa tu? Sura yetu uliiacha wapi?”

Watu walicheka, lakini si wa Beni. Mwaka uliofuata walisimama mbali zaidi, mikono imekunjwa, na upande wao yakaonekana mawingu na ncha za mikaratusi. Maneno yakaanza kuwa Butembo inawapunguza, na kwamba Mathe ametumwa. Yeye hakujitetea. Alisema tu, “Ni macho yangu, batoto. Imechoka. Sioni tena mupaka ya picha.” Kisha akaomba kustaafu, ingawa umri ulikuwa bado unamruhusu kubaki. Sasa watu wa Beni wanasema hawatakuja kumuaga.

Nilipoagizwa kuandika wasifu huu nilizipanga picha zote mezani, za zamani na mpya. Kama macho yake yamechoka, kwa nini yamechoka juu na chini tu? Niliuliza pale ofisini nikapata majibu ya kila aina, moja likiwa kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mwishowe nilikwenda kwa Kasika, fundi wa kamera kule Kimemi.

“Lentille iko muzima, mademoiselle,” alisema. “Capteur njo kadogo.”

Sikuelewa. Aliwasha tochi, akamulika ukuta, ikatokea duara la mwanga. Akabandika kalenda kubwa pale: duara lote likakaa juu ya kalenda. Akaitoa, akashika pale kitabu kidogo, upande wake mrefu ukiwa umelala. Duara lilifika karibu na kingo za kushoto na kulia, lakini juu na chini mwanga ulipita ukaangukia ukuta. Lenzi ile ilitengenezwa kwa ajili ya filimu, ambayo ni kalenda. Capteur, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera yetu mpya, ni kitabu. Lenzi inawaona watu wa Beni vizuri kabisa. Wanaanguka nje ya kitabu.

Bado yapo mengi nisiyoyaelewa. Lakini niliporudi mezani niliona jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote. Geti ni upande wa juu wa picha. Upande wa chini, ambao nao umekatwa, ni ule wa jikoni. Katika picha zote za kamera mpya, Papa Mathe hayumo. Alikimbia, akasimama mahali pake, akahema, akakatwa pamoja na watu wa Beni. Je, mtu aliyetumwa kukata wenzake anajikata na yeye?

Nilijaribu kumweleza. Aliniwekea mkono begani: “Binti yangu, usinihurumie.” Nilianza kumweleza Bwana Directeur, akasema mashine mpya haikosei. Kwa hiyo inabidi waone wenyewe.

Mama Florentine alipoleta sampuli za kahawa wiki iliyopita, Papa Mathe akiwa mashambani, niliilaza kamera juu ya beseni, nikamsimamisha upande wa geti. Picha ikatoka kilemba. Nikamwomba asogee hatua mbili na kuinama juu ya kamera kama anayechungulia kisima, ili sura yake isogee katikati ya duara na kuangukia ndani ya kitabu. Alipoiona ile ya pili alipiga kelele mpaka nikaogopa: “Niko na sura! Na meno! Mathe wa batu, kumbe tulimuonea!”

Basi Jumamosi, kwenye picha ya kuaga, tusisimame duara. Wa ghala na wa ofisi wabaki pale pale. Wa Beni wasogee hatua mbili na kuinama. Tuwe kama yai. Upande wa jikoni nitachora mstari wa chaki karibu na beseni, na Papa Mathe akikimbia, yeyote aliye jirani amvute mpaka pale.

Akiiona picha sijui atasemaje, ndiyo maana sijui kama huu ni wasifu wa kuaga. Akiamua kubaki, tutachelewesha maua. Akiamua kwenda, nitamwambia hivi: Papa Mathe, Masereka kwa wakwe zako ikupe viazi vizuri, moto jioni na wajukuu wa kukuchosha. Asante kwa kutusimamisha miaka yote bila viti. Ila uende ukijua kwamba macho yako hayakukosa kitu.

Ukitaka kunijibu, usipige simu ya ofisi, Bwana Directeur ndiye huipokea. Pitia nyuma, gonga dirisha la jikoni, uulizie Séphora. Ninyi wa Beni, mtumeni dereva wa lori la Ijumaa. Asitaje jina la mtu. Aseme tu: tutasogea.