Shahidi Anakumbuka Yote

Redio ya basi ilitangaza kwamba bunge limepitisha sheria ya kuwapandishia mishahara majaji na waendesha mashtaka wa serikali. Mshona nguo aliyeketi kiti cha nyuma akatega sikio, kwani umbea ni umbea hata ukiwa wa sheria.

"Afadhali," alisema mama mmoja mbele yake, bahasha ya mahakama mapajani. "Labda sasa watatulia. Kesi ya kifo cha mwanangu imeshapita kwa waendesha mashtaka wanne. Kila akija mpya, nasimulia kifo kile tangu mwanzo."

Mwanamume wa suti kando yake akashusha pumzi. "Mimi niliiacha kazi hiyo mwaka jana, mama. Kufika tarehe kumi mshahara umeshakwisha. Kila faili nililikabidhi kwa maelezo ya mstari mmoja tu: shahidi yupo, anakumbuka yote."

"Tunakumbuka, baba. Ndiyo adhabu yetu."

Mshona nguo akainama mbele asipitwe na neno.

Basi likasimama mbele ya mahakama. Mama akainuka, akamwuliza mwanamume wa suti kwa upole, "Wewe hushuki?"

"Zamani nilikuwa nashuka hapa," akasema, akakunja miguu ampishe.